Droni na marubani wa ndege za kivita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa neno "droni" lina maana ya ndege yoyote isiyo na mtu ndani, kuanzia ya kubebwa begani hadi yenye mabawa ya mita 20. Wengine huziita ndege nyuki. "Ndege ya kivita" ni ile iliyoundwa kupigana angani na kushambulia ardhini, kama F-16, Su-30 au F-35. Helikopta na ndege za mizigo hazimo.

Nipeni jibu fupi kwanza: marubani wataondoka au hawaondoki?

Hawaondoki karibuni. Watapungua, na kazi yao itabadilika. Machi 21, 2025 Marekani ilitangaza kwamba Boeing ndiyo itakayotengeneza ndege yake mpya ya kivita, F-47, na ndege hiyo ina kiti cha rubani. Ndege kama hiyo hutumika miongo kadhaa. Nchi yenye droni nyingi na inayotumia pesa nyingi za jeshi kuliko zote isingeagiza chumba kipya cha rubani kama ingeamini kiti hicho kitabaki kitupu.

Hata hivyo droni zimeshachukua kazi nyingi ambazo zamani zilimhitaji mtu: kukesha angani saa 20 na zaidi, kupiga shabaha ambayo mahali pake panajulikana, na safari za kwenda bila kurudi. Kazi ambayo bado haijachukuliwa ni kupigana na ndege nyingine mahali ambapo adui anavuruga redio. Sababu kubwa ni mawasiliano, na ndiyo maana suala hilo litarudi karibu katika kila jibu.

Ndege ikiitwa "isiyo na rubani", maana yake haina rubani kabisa?

Jina hilo limewapotosha wengi. Chukua MQ-9 Reaper ya Marekani: mabawa mita 20, uzito wa juu kabisa wa kuruka kama kilo 4,760, injini ya panga yenye nguvu farasi 900, uwezo wa kukaa angani takriban saa 27. Nyuma yake kuna rubani na mwendeshaji wa kamera, wamekaa ubavu kwa ubavu ndani ya chumba cha ardhini. Hao ni wa safari tu. Uwanjani kuna kikosi cha pili kinachoirusha na kuitua, kuna mafundi, kuna wapakia silaha, na kuna wachambuzi wanaotazama picha usiku kucha.

Ili eneo moja liangaliwe saa 24 bila pengo, jeshi la anga la Marekani lilikuwa likihesabu ndege nne: moja iko juu ya shabaha, nyingine njiani, nyingine inarudi, nyingine kwenye matengenezo. Watu wa kuendesha mzunguko huo walizidi 150. Rubani amehamishwa kutoka kwenye pua ya ndege akapelekwa kwenye kontena, na mkia wa watu nyuma yake umerefuka.

Kwa nini rubani wa droni aliyeko ardhini Nevada, Marekani, asipigane na ndege ya adui kama anavyopiga shabaha ardhini?

Kwa sababu anachokiona kimeshapita. Setilaiti ya mawasiliano iliyosimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ishara ikipanda hadi huko na kushuka hadi kwenye ndege inasafiri zaidi ya kilomita 71,000, yaani karibu robo ya sekunde kwa mwendo wa nuru. Picha inashuka kwa robo sekunde na amri inapanda kwa robo nyingine. Ongeza muda wa kubana video, kuifunga kwa siri na kuifungua, na kuipitisha kwenye nyaya za chini ya bahari hadi kituo cha setilaiti: jumla hufika sekunde moja, mara nyingi hata mbili.

Kwa lori lililoegeshwa, sekunde mbili si kitu. Kwa ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda mita 300 kwa sekunde, umbali kati yao unapungua mita 600 kila sekunde. Kwa kuchelewa kwa sekunde moja na nusu, adui yuko karibu yako kwa mita 900 kuliko unavyomwona kwenye kioo. Hii ndiyo sababu ile ile inayofanya kikosi cha uwanjani kishughulikie kuruka na kutua kwa redio ya moja kwa moja: ukijaribu kutua kwa setilaiti, pua inashuka, unavuta usukani, jibu linakuja umeshachelewa, unasukuma kupita kiasi, na ndege inaanza kudunda njiani hadi inavunja miguu. Mifumo ya kutua yenyewe imepunguza tatizo hilo, lakini kwenye mapigano halijaondoka.

Lilijaribiwa kweli. Desemba 2002, kabla ya vita vya Iraki, droni moja ya Marekani aina ya Predator ilifungwa makombora ya Stinger, ambayo kwa kawaida hufyatuliwa na askari akiwa begani nayo. Ikakutana na MiG-25 ya Iraki. Kila upande ukafyatua. Kombora la Predator likakosa, la MiG halikukosa.

Shida ya pili ni macho. Kamera ya droni huona vizuri sana, ila kwa tundu dogo, kama mtu anayechungulia kupitia mrija. Rubani wa F-16 akigeuza shingo anaona karibu anga zima.

Mawasiliano yakikatika kabisa, ndege inafanya nini?

Kabla ya kuruka, ndege hupakiwa njia ya dharura. Ikikosa ishara kwa muda uliowekwa, inafuata hatua zake: inapanda hadi kimo kilichopangwa ili isigonge milima na ipate ishara kwa urahisi, inaelekea kituo cha kungojea, inazunguka hapo ikijaribu kuunganishwa upya, na isipopata inarudi nyumbani. Makosa hutokea hasa pale wahudumu wanaposahau kubadilisha njia hiyo baada ya ndege kuhamia eneo jingine. Njia ya asubuhi inaweza kuipitisha jioni juu ya mlima au kwenye anga ya jirani.

Na kuna siku ndege haifuati hata hayo. Septemba 2009 Reaper yenye silaha iliacha kusikiliza amri juu ya Afghanistan, ikawa inaelekea mpaka wa nchi. Wamarekani wakatuma F-15E kuiangusha. Oktoba 2024 ilikuwa zamu ya Urusi: droni yake kubwa ya S-70 Okhotnik, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2019, ilipotea udhibiti juu ya mashariki ya Ukraine, na ndege ya kivita ya Urusi yenyewe ikaipiga. Mabaki yakaanguka upande wa Ukraine, wahandisi wakayachukua. Katika visa vyote viwili aliyekuja kusafisha alikuwa rubani aliyekaa ndani ya ndege.

Lakini akili unde ilishamshinda rubani wa F-16 mabao 5 kwa 0. Hilo si jibu?

Ilimshinda kweli, Agosti 2020, katika mashindano ya AlphaDogfight yaliyoandaliwa na DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani. Programu ya kampuni ya Heron Systems ilipambana na rubani mzoefu mara tano, ikachukua zote. Ila soma masharti. Yote yalikuwa kwenye kompyuta. Programu ilipewa mahali, kasi na mwelekeo wa adui bila kosa wala kuchelewa, jambo ambalo rada na kamera za kweli hazitoi. Silaha ilikuwa mzinga peke yake. Programu ilipenda kuja uso kwa uso na kupiga risasi kwa umbali mdogo sana, mtindo ambao marubani hukatazwa mazoezini kwa hofu ya kugongana.

Kilichofuata ndicho kizito zaidi, ingawa hakikupigiwa kelele sana. X-62A, F-16 iliyobadilishwa ili iongozwe na programu, ilirushwa na akili unde kuanzia Desemba 2022. Mwaka 2023, juu ya jangwa la kambi ya Edwards, California, ikapambana kwa mara ya kwanza na F-16 ya kweli yenye rubani. Ndani ya X-62A walikuwemo marubani wa usalama, tayari kuinyang'anya programu usukani. Mei 2024 Waziri wa Jeshi la Anga wa Marekani, Frank Kendall, alipanda mwenyewe.

Jaribio hilo linaonyesha kwamba kurusha ndege, hata kwa mikato mikali, ni sehemu ambayo mashine inaiweza. Sehemu ngumu ni iliyotangulia: yule kwenye rada ni nani? Ni adui, ni mwenzetu aliyepotea njia, ni ndege ya abiria? Mapigano ya karibu yenyewe yamekuwa nadra. Siku hizi makombora hufyatuliwa kutoka makumi ya kilomita, na anayeshinda mara nyingi ni yule aliyetambua kwanza.

Ndege bila mtu si inaweza kukata kona kali zaidi?

Inaweza, na faida ipo, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Rubani aliyefunzwa, akivaa suruali ya kubana miguu na tumbo na kukaza misuli, anavumilia G 9, yaani mara tisa ya uzito wa kawaida, kwa sekunde chache. Kichwa na kofia vyenye kilo 7 vinakuwa kama kilo 63. Akichelewa kukaza, damu inaacha ubongo, anaona giza, anazimia. Tangu mwaka 2014 F-16 za Marekani zimekuwa zikifungwa mfumo unaoinyanyua ndege yenyewe kabla haijagonga ardhi, na umeokoa marubani waliozimia.

Sasa piga hesabu. Ndege inayokwenda mita 250 kwa sekunde ikigeuka kwa G 9 inachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 700 hivi. Ikigeuka kwa G 15, mita 425. Tofauti ni nzuri dhidi ya ndege nyingine. Dhidi ya kombora haitoshi: kombora huhitaji takriban mara tatu hadi tano ya G za shabaha ili liipate, na makombora ya kisasa ya masafa mafupi yanavuka G 40. Ili ndege ihimili G 15, mabawa, viungo na mirija ya mafuta lazima viwe vizito, na uzito unakula mafuta na bei. Isitoshe, kila kona kali inamwaga kasi. Ndege iliyokata kona mbili za namna hiyo inabaki bila mwendo, na ya tatu haiiwezi.

Faida kubwa ya kumwondoa mtu iko kwingine: kiti cha kumrusha nje, kioo, oksijeni, skrini na mitambo ya kumhifadhi ni mamia ya kilo na nafasi kubwa kwenye pua. Na ndege haichoki. Ndiyo maana wabunifu wa sasa wameacha kufukuzia G, wakachagua masafa marefu, bei nafuu na wingi.

"Droni mwenza" ni nini, na zimefika wapi?

Ni droni ya injini ya jeti inayoruka pamoja na ndege yenye rubani, ikibeba makombora au rada kwa niaba yake. Rubani haiendeshi kwa usukani. Anaipa kazi: "tangulia kilomita 50, washa rada, ukimwona nipe taarifa." Kurusha, kukwepa na kupanga njia inajifanyia yenyewe. Kiungo chao cha redio ni kifupi, kinaelekezwa sehemu moja, kwa hiyo ni kigumu kukivuruga kuliko cha setilaiti.

Australia na Boeing waliirusha MQ-28 Ghost Bat mara ya kwanza Februari 2021. Uturuki iliirusha Kızılelma Desemba 2022. Marekani ilichagua kampuni za General Atomics na Anduril mwezi Aprili 2024, na droni zao, YFQ-42A na YFQ-44A, ziliruka mwaka 2025. Hesabu ya mwanzo ya Marekani ilikuwa droni kama 1,000, mbili kwa kila ndege yenye rubani.

Mwishoni mwa 2025 Kızılelma na MQ-28 zote zilitangazwa kuwa zimepiga shabaha ya jeti angani kwa kombora. Ni hatua ya kweli. Ila shabaha ya majaribio hairushi kombora kwako, haivurugi redio yako, na kila aliyepo uwanjani anajua itapita wapi.

Nani anabonyeza kitufe cha kuua?

Kwa Marekani, mwongozo wa Wizara ya Ulinzi namba 3000.09 wa Novemba 2012, uliorekebishwa Januari 2023, unataka silaha zinazojiendesha zimwachie kamanda na mwendeshaji kiwango kinachofaa cha uamuzi wa binadamu juu ya matumizi ya nguvu. Wengi husema mwongozo huo unakataza mashine kuua bila idhini. Haukatazi. Unaweka ngazi za ukaguzi na saini za wakubwa kabla silaha ya namna hiyo haijatengenezwa na kutumika, na neno "kinachofaa" limeachwa pana makusudi.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitaka mkataba wa kuzuia silaha zinazoua bila usimamizi wa mtu uwe umekamilika ifikapo 2026. Mataifa yenye viwanda vya silaha hizo hayana haraka. Na hapa tatizo la redio linageuka kuwa la sheria: ukitaka mtu aidhinishe kila pigo, unahitaji mawasiliano; adui akiyakata, una njia mbili tu, droni irudi nyumbani au iamue yenyewe. Rubani aliyeko ndani ya ndege ni njia ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo hoja nzito kuliko zote za kumbakiza.

Kwa gharama, droni si ndizo nafuu zaidi?

Inategemea unalinganisha nini na nini. Reaper moja ni kama dola milioni 30. Ina panga, husafiri karibu kilomita 370 kwa saa, haikwepi wala haijifichi. Machi na Aprili 2025 Wahouthi wa Yemen waliangusha saba katika muda usiozidi wiki sita, hasara ya zaidi ya dola milioni 200. Ndege hiyo iliundwa kwa ajili ya anga ambamo adui hana makombora. Ikiingia penye makombora inakuwa kuku kwenye uwanja wa mwewe.

Upande wa watu ndipo droni inaposhinda wazi. Taasisi ya RAND ilikadiria mwaka 2019 kwamba kumfunza rubani wa F-16 hadi ngazi ya msingi kunagharimu dola milioni 5.6, na wa F-35 zaidi ya milioni 10. Tena rubani akiisha kufunzwa lazima aendelee kuruka kila mwezi, la sivyo ujuzi unachakaa, na ndege inachakaa naye. Droni mwenza inaweza kukaa ghalani ikisubiri vita, na wahudumu wake wakafanya mazoezi kwenye kompyuta.

Ukraine haijathibitisha kwamba zama za ndege za kivita zimekwisha?

Ukraine imethibitisha mambo mawili yanayovutana. Droni ndogo za kuongozwa kwa miwani, za dola mia chache, zimefanya barabara za mstari wa mbele zisipitike mchana. Redio zilipoanza kuvurugwa, pande zote zikaanza kuzifunga uzi wa fiba unaofunguka nyuma kwa kilomita 10 hadi 20. Juni 1, 2025 Ukraine ilituma droni 117 zilizofichwa kwenye malori zikazipiga ndege kubwa za mabomu za Urusi zikiwa zimeegeshwa. Angalia neno la mwisho. Ndege iliyo ardhini haina rubani bora wala mbaya.

Upande wa pili, Urusi imekuwa ikitumia Su-34 zenye marubani kuachia mabomu ya kilo 500 na zaidi yaliyofungwa mabawa, kutoka makumi ya kilomita, kwa sababu droni ya bei nafuu haibebi uzito huo. Na Ukraine, taifa linalozijua droni kuliko mataifa mengi, iliomba F-16 kwa miaka miwili hadi zikafika mwaka 2024. Kazi yao kubwa? Kuangusha makombora na droni.

Kwa hiyo ndege za kivita sasa zinawinda droni?

Ndiyo, na ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Usiku wa Aprili 13 kuamkia 14, 2024, Iran iliporusha droni na makombora zaidi ya 300 kuelekea Israeli, majeshi ya Marekani peke yake yaliangusha droni zaidi ya 80. Septemba 2025 F-35 za Uholanzi zilishiriki kuziangusha droni zilizoingia anga ya Poland.

Droni ya Shahed-136 ina uzito wa kilo 200 hivi, kichwa cha mlipuko cha kilo 50, na inasafiri karibu kilomita 185 kwa saa, chini chini. Jeti ikipunguza mwendo hadi hapo inapoteza nguvu ya mabawa na kuanguka, hivyo inaipita kila mara na kulazimika kuzunguka upya. Rada inaichanganya na ardhi. Ukitumia mzinga unasogea karibu sana: Oktoba 2022 MiG-29 ya Ukraine ilipigwa na vipande vya Shahed iliyokuwa imeilipua yenyewe, rubani akalazimika kujirusha. Ukitumia kombora la AMRAAM, unachoma takriban dola milioni moja kwa kitu cha dola 20,000 hadi 50,000.

Dawa iliyopatikana ni roketi ya zamani ya milimita 70 iliyoongezwa kichwa cha kufuata mwanga wa leza. F-16 za Marekani zimeitumia Mashariki ya Kati. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, na ndege moja inabeba nyingi.

Kuna kazi ambayo kamera haiwezi kabisa kuifanya?

Kusogea dirishani na kutazama. Agosti 14, 2005 ndege ya Helios, safari namba 522 kutoka Larnaca, iliingia anga ya Ugiriki bila kujibu redio. F-16 mbili ziliifuata. Rubani mmoja akasogea, akaona kiti cha nahodha kitupu na msaidizi ameinamia vyombo. Baadaye akamwona mtu akiingia chumbani. Taarifa hiyo iliondoa shaka ya utekaji: ndege ilikuwa imekosa hewa. Watu 121 walikufa, lakini hakuna aliyefyatua kombora.

Kazi hii ya kusindikiza ndege zilizonyamaza hufanyika wakati wa amani, na ina lugha yake ya kimataifa: ndege ya jeshi inasogea mbele, kwa kawaida upande wa kushoto, inatikisa mabawa, maana yake "nifuate", ndege ya abiria inajibu kwa kutikisa yake, redio huwa kwenye masafa ya 121.5. Droni inaweza kufundishwa kutikisa mabawa. Nani atakubali isimame mita chache kutoka ndege yenye abiria 180, ni jambo jingine.

Mtu akiwemo au asiwemo, vita vyenyewe vinabadilika?

Sana. Juni 20, 2019 Iran iliangusha droni ya RQ-4 ya Marekani karibu na mlango wa Hormuz. Rais Trump alisitisha shambulio la kulipiza, akasema wazi kwamba kama kungekuwa na mtu ndani ingekuwa habari nyingine. Linganisha na Goma, Januari 24, 2023: Su-25 ya Kongo ilirushiwa kombora kutoka upande wa Rwanda, ikatua uwanjani injini ikiwaka. Kinshasa ikaita kitendo cha vita, Kigali ikasema ilivunjiwa anga. Ingekuwa droni, pengine pangeandikwa barua ya malalamiko tu. Hilo ni jema, na ni hatari pia: kitu kinachoangushwa bila kilio kinatumwa kwa urahisi zaidi.

Afrika Mashariki inahusikaje?

Kwa njia mbili. Kwanza, droni za wengine zimeruka kutoka hapa kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Marekani ilihamisha za Djibouti kutoka Camp Lemonnier, inayotumia njia moja na uwanja wa abiria, kwenda uwanja wa Chabelley. Kambi ya Manda Bay, Lamu, iliyotumiwa na Wamarekani na Wakenya, ilishambuliwa na al-Shabaab Januari 5, 2020, Wamarekani watatu wakauawa na ndege zikachomwa.

Pili, nchi za kanda zenyewe zinanunua. Uganda ina Su-30MK2, ilizonunua sita mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kenya ina F-5 zilizoko Laikipia, aina iliyoingia nchini tangu mwisho wa miaka ya 1970. Kubadilisha ndege hizo kwa mpya ni mzigo mzito kwa bajeti. Ndiyo maana Ethiopia katika vita vya Tigray iligeukia droni mwaka 2021, na Kongo ikanunua droni za CH-4 za China. Droni ya Bayraktar TB2 ya Uturuki ina injini ya nguvu farasi 100, mabawa ya mita 12, na hubeba mabomu madogo manne, ya kilo 22 kila moja kwa aina inayotumika zaidi. Kwa jeshi lisilo na adui mwenye ndege, hiyo inatosha.

Ila wanunuzi wajue mipaka yake. Ikiongozwa kwa redio ya moja kwa moja, ikiwa kimo cha mita 5,500, upeo wa redio ni kama kilomita 300, na mlima ukikaa katikati, ishara inakatika. Milima ya Kivu na ya Ethiopia haitoi uwanda kama wa Libya. Unahitaji mnara wa kupokezana, au setilaiti ambayo si yako, na mwenye setilaiti anaweza kuizima.

Walishawahi kutabiri hivi, wakakosea?

Mwaka 1957 Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Duncan Sandys, alitangaza kwamba makombora yatachukua nafasi ya ndege za kivita zenye marubani. Miradi ikafutwa. Ndege ya kivita ya Lightning ikaachwa iendelee kwa sababu ilikuwa imefika mbali mno kufutwa, na ililinda anga hadi 1988. Wamarekani nao walipeleka F-4 Phantom Vietnam bila mzinga ndani, wakiamini kombora linatosha, kisha toleo la F-4E likawekewa mzinga. Historia hii haitoshi kuwa hoja. Kompyuta za leo si za 1957. Lakini inamkumbusha mtu kuuliza kabla ya kufuta: kombora likikosa, nani yuko hapo?

Kijana wangu anataka kuwa rubani wa kivita. Aachane nayo?

Asiachane nayo, ila asijiandae kwa kazi ya mwaka 1990. Anayeanza mafunzo leo huenda akawa na droni mbili pembeni yake kabla hajawa mkuu wa kikosi. Fizikia na hisabati bado ndizo mlango. Aongeze programu za kompyuta, na aelewe redio: masafa, antena, namna ishara inavyovurugwa. Wengi hulidharau somo hilo.

Kama macho au kimo vitamzuia, kurusha droni ni taaluma kamili. Marubani wa Reaper wa Marekani huanza kwa ndege ndogo za kawaida, ili wajue upepo na kimo kwa mwili wao, kisha hupewa Reaper kwenye kambi ya Holloman, New Mexico. Kwa kiraia, Kenya inatoa leseni ya rubani wa mbali kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga, KCAA, chini ya kanuni za 2020. Tanzania, kibali huanzia mamlaka ya huko, TCAA. Asinunue droni na kuirusha karibu na uwanja wa ndege au kambi akidhani anafanya mazoezi. Hilo ni kosa la jinai, na jeshi halisahau jina la mwombaji.